Mgeni Rasmi wa Hidaya

Mwenye macho na akae mbele, mwenye masikio na akae popote, maana haya yalitokea mbali sana na hapa. Yalitokea Makaribisho, nchi isiyokuwamo kwenye ramani yoyote, kwa sababu mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa asubiri mapokezi, na mpaka leo anasubiri. Mimi sijafika huko. Aliyenisimulia naye aliapa kwamba hajafika, kwa hiyo habari hizi ni za kuaminika kabisa.

Makaribisho hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi. Hiyo ndiyo ibara ya kwanza ya katiba yao, na wananchi wengi hawajawahi kufika kwenye ya pili. Daraja halivukwi wala kisima hakitekwi mpaka apatikane mtu mzito, aketishwe kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, asomewe risala na akate utepe. Mwaka mmoja soko kuu la Zuliani, mji mkuu wa nchi hiyo, lilishika moto. Zimamoto walifika upesi, wakapanga mipira yao ya maji kwa ustadi, wakafunga utepe, wakamsubiri Waziri. Waziri alipowasili alilisifu jivu kwa usafi wake, akalizindua rasmi. Watu walipiga makofi, kisha wakaenda kutafuta pa kununua nyanya.

Sasa, penye heshima kubwa hapakosi aibu kubwa. Aibu kubwa ya Makaribisho ni kuzamia, yaani kwenda kwenye shughuli ya watu bila kualikwa. Mtu wa kawaida akizamia huchekwa siku mbili, yakaisha. Mgeni rasmi akizamia, hapo taifa zima limevuliwa nguo. Inasemekana Rais wao wa kwanza aliwahi kujipeleka kwenye harusi ya watu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na mwenye shughuli akamwuliza, "Na wewe, baba, ni wa upande gani?" Nchi haijapona mpaka leo. Sheria ilitungwa papo hapo: mgeni rasmi atakayezamia atavuliwa nishani zake zote na kukalishwa viti vya nyuma maisha yake yote, tena bila soda.

Zuliani ndiko alikoishi Mashavu, mshereheshaji wa harusi, mwanamke ambaye sauti yake ilifika ukumbini kabla yake. Kazi yake ilikuwa kusifu. Pilau ikiungua, alisema imepata rangi ya dhahabu. Bwana harusi akichelewa, alisema mambo mazuri hayataki haraka. Kulaumu hakukujua kabisa; ukimkanyaga mguu, angekusifia kiatu.

Shoga yake wa chanda na pete alikuwa Hidaya, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Watu walishangaa wawili hawa walivyopatana, lakini wenyewe waliona ni jambo jepesi tu: mmoja alisema na mwingine alipata nafasi ya kutunga uzi kwenye sindano.

Shida ya Hidaya ilikuwa Bwana Fikirini, Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Maadhimisho. Bwana huyu alimposa Hidaya, na Hidaya akamkatalia kwa adabu zote. Lakini Bwana Fikirini alikuwa mtu wa ofisini tangu ujana wake, akaichukulia ile hapana kuwa ni taarifa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akaanza kufuatilia.

Alifuatilia asubuhi, akafuatilia jioni. Hidaya akifungua dirisha, alimkuta chini yake, amefumbata mikono. "Napita tu," alisema. Akienda kununua vifungo, alimkuta dukani ameegemea kaunta, anapita tu. Hidaya akahama nyumba. Akahama tena, na safari hiyo alipofika na mizigo alimkuta Bwana Fikirini ameshatangulia, anawaelekeza wapagazi pa kuweka kitanda. Halafu ikaja siku aliyorudi kutoka sokoni akamkuta ndani. Mlango haukuvunjwa wala kufuli haikuguswa, na bwana yule amekaa kwenye kiti cha cherehani, anakunywa maji kwa kikombe cha bluu alichoachiwa Hidaya na mama yake. "Nilikuwa napita tu," alisema kwa upole. Akaondoka taratibu, na kikombe akaondoka nacho.

Kuanzia hapo Hidaya hakufungua dirisha tena. Alishona kwa taa mchana kweupe, jasho likimtiririka, sikio moja kwenye cherehani na jingine mlangoni. Kazi zikaanza kwenda mrama. Alimshonea bwana harusi mmoja koti lenye mikono miwili ya kushoto, na Mashavu, aliyekuwa anasherehesha harusi hiyo, akawatangazia wageni kuwa ule ni mtindo mpya kutoka ng'ambo. Wakashangilia sana. Lakini alipofika nyumbani Mashavu alikaa kitandani akalia, maana alimjua shoga yake, na Hidaya aliyemjua hakosei mkono wa koti.

"Nimefungua shauri," Hidaya alimwambia kesho yake. "Naomba mahakama imwekee zuio. Asije kwangu, asipite kwangu, asinisogelee popote."

"Nitakwenda na wewe."

"Ndicho ninachotaka. Ila uje na mkono wako wa kunishika. Mdomo uuache nyumbani."

"Jamani, Hidaya. Na mdomo wangu umekukosea nini?"

"Nakujua, mwaya. Ukishika kipaza sauti utamsifia hata yeye."

Mashavu akaapa kwamba hatasema neno. Aliapa kwa marehemu bibi yake, kwa macho yake yote mawili na kwa kazi yake, na kiapo chenyewe kilichukua muda wa kuivisha maharage.

Siku ilipofika wakaenda Mahakama ya Ujirani Mwema, wameshikana mikono. Waliikuta imepambwa kwa maputo. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mbele ya kizimba, na watu walikuwa wamejaa mabenchini, wengi wao wakiwa wamekuja kwa ajili ya soda. Mbele kabisa, juu ya jukwaa lililopita kiti cha hakimu kwa kimo, kulikuwa na kochi tupu. Afisa Itifaki alizunguka akikung'uta vumbi ambalo halikuwapo. Alikuwa bwana mrefu, mwenye wasiwasi, amevaa makoti matatu moja juu ya jingine, akihofia kwamba akivaa moja tu huenda likawa silo.

Mheshimiwa Hakimu Mwanakombo aliingia, watu wakasimama, kisha Afisa Itifaki akamnong'oneza jambo. Uso wa Hakimu ukaanguka.

"Nasikitika kuwatangazia," alisema, "kwamba mgeni rasmi wetu, Naibu Waziri wa Mawingu, ametuma udhuru. Anazindua mvua iliyonyesha juzi. Kwa kuwa shauri haliwezi kuanza bila mgeni rasmi, ninaliahirisha hadi masika ya mwakani."

Hidaya aliinamisha kichwa. Mashavu aliusikia mkono wa shoga yake ukipoa ndani ya mkono wake, akajua anachokiona mwenzake: masika ya mwakani, dirisha limefungwa, na taa inawaka mchana. Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Hidaya akamfinya, ukafungika.

"Tusikate tamaa, Mheshimiwa," alisema Afisa Itifaki. "Mtu mzito hakosekani."

Akaangaza macho. Aliwaona watu wa soda. Alimwona mbuzi aliyefungwa dirishani, ambaye alikuwa kielelezo katika kesi nyingine. Kisha macho yake yakatua kwenye benchi la mlalamikiwa, ambako Bwana Fikirini alikuwa amekaa na suti nyeupe, kifua kimejaa nishani, ya katikati ikiwa ni Nishani ya Maadhimisho ya Nishani.

"Mheshimiwa, mlalamikiwa ana hadhi ya kutosha."

"Lakini si yeye ndiye anayelalamikiwa?"

"Ndiyo uzuri wake. Shughuli anaifahamu."

Hakimu Mwanakombo akafungua kitabu cha sheria, akakipekua kwa huzuni. "Sheria inasema mgeni rasmi asiwe mlevi, wala asiwe maiti," alisema. "Mengine haikusema."

Basi Bwana Fikirini akavishwa shada la maua. Akapandishwa jukwaani, akaketishwa kwenye kochi, akawekewa chupa ya maji iliyovishwa kitambaa. Akapewa mkasi wa serikali, akakata utepe, na shauri la kumzuia Bwana Fikirini asimsumbue Hidaya likafunguliwa rasmi na Bwana Fikirini. Makofi yalipokwisha akautia mkasi mfukoni, akimtazama Hidaya, akatabasamu.

"Mlalamikaji asome malalamiko yake," alisema Hakimu.

"Samahani, Mheshimiwa," Afisa Itifaki akadakia. "Mbele ya mgeni rasmi hapasomwi malalamiko. Inasomwa risala. Yaani utangulizi, mafanikio, changamoto, na hitimisho lenye matumaini."

Hidaya alisimama. Mashavu akasimama naye, amemshika kiwiko.

"Ndugu Mgeni Rasmi," alianza Hidaya, "awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja, pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Katika kipindi cha mwaka huu umepata mafanikio yafuatayo. Umefanikiwa kunifuata sokoni, kisimani na msibani. Umefanikiwa kunihamisha nyumba mbili. Umefanikiwa kuingia chumbani kwangu bila ufunguo na kuchukua kikombe cha mama yangu."

Kila fanikio lilipigiwa makofi. Mwenyewe aliinama kidogo kila mara, kama mtu anayetajwa kwa michango yake msikitini.

"Changamoto ni moja," Hidaya akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo. "Nakuogopa. Nalala nimevaa viatu."

Hata mbuzi akaacha kutafuna. Kisha Afisa Itifaki, aliyekuwa hajawahi kuona risala iliyosomwa ikakosa makofi, akainua mkono, na watu wakapiga makofi bila kutazamana.

Bwana Fikirini akanyanyuka kujibu. Alizungumza kwa muda mrefu, akianzia kwenye kuumbwa kwa dunia. Alipofika kwenye jambo lenyewe alisafisha koo.

"Changamoto hii nimeipokea kwa mikono miwili. Mwanamke mpweke, mwenye hofu, analala na viatu. Ndugu zangu, hili siwezi kuwaachia watendaji wa chini. Nitalifuatilia mwenyewe. Nitafika pale pale nyumbani kwake, asubuhi na jioni, kuhakikisha hofu inakwisha."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakimu Mwanakombo akajifuta paji la uso. Mgeni rasmi hakatazwi jambo hadharani, na hilo alilijua. Hidaya akakaa chini.

"Sasa ni neno la shukrani," alisema Afisa Itifaki, "kutoka upande wa mlalamikaji."

Hidaya alijaribu kusimama, akashindwa. Akamgeukia Mashavu, akauachia mkono wake.

"Sema wewe," alinong'ona. "Mimi sina sauti tena."

Mashavu akaenda mbele, akakamata kipaza sauti. Alikusudia kumtukana yule bwana. Moyo wake ulikuwa umejaa matusi, mengine hata hakujua kuwa anayajua. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka mingi zikatoka sifa.

"Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! Hivi mmewahi kumwona mgeni kama huyu? Mtazameni alivyokaa. Mtazameni suti, kama yai lililomenywa!"

Watu wakacheka kwa furaha. Hidaya akafumba macho. Mashavu naye alijisikia anavyosema, akajichukia, lakini sifa ni kama mbio za mteremko, huwezi kusimama katikati.

"Wageni rasmi tunawajua sisi. Wanakuja, wanakula, wanaondoka. Huyu je, aliondoka? Hakuondoka! Asubuhi yupo, jioni yupo, mvua yupo, jua yupo. Nani kati yenu anajua kukaa kwa mwenyeji kama yeye?"

"Hakuna!" wakaitikia watu wa soda.

Na hapo, katikati ya mteremko, Mashavu akaona kitu mbele yake. Hakujua bado ni kitu gani, ila alikiona, akakaza mwendo.

"Sasa mtu kama huyu tumpe ugeni rasmi wa siku moja, halafu tumrudishe benchini? Ni aibu! Naiomba mahakama hii tukufu imtangaze Bwana Fikirini kuwa mgeni rasmi wa kudumu wa Hidaya. Popote alipo Hidaya, yeye ni mgeni rasmi. Maisha!"

Vigelegele vikatikisa maputo. Hidaya akafumbua macho, akamtazama shoga yake kwa uchungu. Lakini Mashavu hakuacha kutabasamu, maana mshereheshaji akiacha kutabasamu shughuli imeharibika.

Bwana Fikirini alikuwa amesimama, mkono juu ya nishani. Machozi yalimlengalenga.

"Unakubali kwa hiari yako?" Hakimu akauliza kwa unyonge.

"Kwa moyo mkunjufu, Mheshimiwa. Maisha."

Nyundo ikagongwa. Imeamriwa.

"Ahsante sana," alisema Mashavu, na sauti yake sasa ilikuwa laini kama siagi. "Na ili sisi wenyeji tusije tukamkosea mgeni wetu, naomba Afisa Itifaki atukumbushe taratibu zake."

Afisa Itifaki hakuamini masikio yake. Maisha yake yote alisubiri mtu amwulize. Alivua koti la juu, kwa heshima ya tukio, akasimama wima.

"Mgeni rasmi hatembei bila tarumbeta kumtangulia," alisema kwa kichwa, bila kusoma popote. "Hasimami chini ya dirisha, husimama jukwaani. Hakai kwenye kiti kisichotandikwa. Haondoki na vyombo vya mwenyeji. Na kubwa kuliko yote, hafiki alipo mwenyeji wake mpaka mwenyeji mwenyewe amwalike. Akifika bila mwaliko, amezamia. Na adhabu ya mgeni rasmi aliyezamia..."

"Tunaijua," watu wakasema kwa sauti ya chini, na wengine wakageuka kuvitazama viti vya nyuma.

Bwana Fikirini akatazama kulia na kushoto. Lile shada la maua lilionekana limeanza kumbana shingo.

"Lakini mimi," alisema, "mimi huwa napita tu."

"Hapana, Mheshimiwa," Mashavu alimjibu kwa upole mkubwa. "Mgeni rasmi hapiti tu. Mgeni rasmi anawasili."

Hakimu Mwanakombo aliinamia kitabu cha sheria, akakaa humo muda mrefu. Waliokuwa karibu waliona mabega yake yakitikisika. Alipoinua uso, ulikuwa mkavu na wa kisheria.

"Mahakama imeridhika. Kuna jingine?"

"Lipo," ilisema sauti ambayo hakuna aliyeitarajia. Hidaya alikuwa amesimama, peke yake, bila kushikwa kiwiko. "Arudishe mkasi wa serikali. Na kikombe changu."

Nje ya mahakama Hidaya alimpiga Mashavu begani kwa mkoba. Akampiga tena. Kisha akamkumbatia, wote wawili wakaanza kucheka na kulia, wakapoteana katika kulia na kucheka huko mpaka wakakaa chini kwenye ngazi, na Afisa Itifaki akalazimika kuwaomba wasizibe njia ya mbuzi.

"Nilitaka kukuua," alisema Hidaya. "Uliposema maisha, wallahi, nilitaka kukuua palepale."

"Nisamehe, shoga yangu. Na mimi sikujua ninakokwenda. Nilianza kusifu, sifa zikanipeleka."

Msidhani Bwana Fikirini aliacha mara moja. Wiki ile ile alijaribu kupita. Lakini kabla hajatupa hata hatua ya kwanza kutoka kwake, wapiga tarumbeta wa serikali wakamtangulia, wafagiaji wakafagia mbele yake, na mji mzima ukatoka kuangalia nani anawasili na wapi. Hidaya alizisikia tarumbeta kutoka ng'ambo ya mji. Alipata nafasi ya kumaliza mshono, kufunga mlango na kwenda kwa Mashavu kunywa chai. Bwana Fikirini alipofika kwenye kona ya mtaa alimkuta Afisa Itifaki amesimama na mkono umenyooshwa, anauliza mwaliko. Watu walikuwa wengi. Bwana Fikirini akawapungia mkono, akasifu usafi wa kona, akaizindua, akarudi alikotoka. Alijaribu tena mara kadhaa. Kona ile sasa imezinduliwa kuliko jengo lolote nchini.

Kikombe kililetwa kwenye sinia, juu ya kitambaa cha kufuma, na Hidaya akakiosha mara tatu.

Kisha asubuhi moja alifungua dirisha. Alilifungua kidogo, akasikiliza. Hakukuwa na tarumbeta. Akalifungua lote, mwanga ukaingia mpaka kwenye meza ya cherehani, na akaona jinsi vumbi lilivyokuwa limejaa humo ndani. Usiku wake alivua viatu.

Kila mwisho wa mwezi Afisa Itifaki humtembelea, kama sheria inavyomtaka. Siku hizi huvaa makoti mawili tu. Husimama nje ya dirisha, umbali wa heshima, anakohoa kwanza.

"Mwenyeji, mgeni rasmi anaulizia mwaliko. Maandalizi yamekamilika?"

Inafaa msikilizaji ajue kwamba Makaribisho hakuna jambo linaloheshimiwa kama maandalizi. Kuna reli ambayo maandalizi yake yalianza kabla babu zao hawajaota meno, na hakuna aliyewahi kuwa na utovu wa adabu wa kuuliza yataisha lini.

Hidaya huinua kichwa kutoka kwenye koti analolishona, mkono mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Hutoa pini mdomoni, hunywa funda la maji kwa kikombe cha bluu, na kukirudisha dirishani, kwenye jua.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," humjibu. "Maandalizi yanaendelea vizuri."